Kuunga Daftari za Karafuu katika Kompyuta



Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari nyingi zimo ndani ya kompyuta, na humo pia mali yaweza kupotea ikiwa daftari moja haikuungwa sawasawa na nyingine. Kwa hiyo twapenda kulieleza jambo hili, ili kila mwanachama ajue la kuuliza aonyeshwapo hesabu yake.

Tuchukue mfano wa programu iitwayo Qlik Sense. Ilitolewa mwaka 2014 na kampuni ya Qlik, iliyoanzia mji wa Lund, Sweden, mwaka 1993. Tuseme tumetia humo majedwali matatu: la wanachama, la karafuu zilizopimwa, na la malipo. Ziko njia mbili za kuyaunga.

Njia ya kwanza ni ya macho na mkono. Kila jedwali laonekana kwenye kioo kama duara. Ukilivuta duara moja kuelekea jingine, programu huonyesha rangi: kijani ni kwamba yaelekea sana kuungana, nyekundu ni kwamba haikuona kiungo. Njia hii ni nyepesi kwa anayeanza.

Njia ya pili ni kuandika maagizo, yaani skripti. Hapa programu huunga yenyewe safu zenye jina moja. Karani mmoja akiandika Namba na mwingine Nambari, hapana muungano, mpaka iandikwe: Nambari AS Namba. Hata herufi kubwa na ndogo huhesabiwa kuwa mbali mbali. Kazi hii ni ndefu zaidi, lakini maagizo yaliyoandikwa husomwa na mtu mwingine, husahihishwa, na hutumika tena msimu ujao.

Kwa njia yo yote, yafaa kuangalia mambo matatu.

Kwanza, tuunge kwa namba ya uanachama, si kwa jina. Akina Juma Khamis ni wengi, na Khamis pengine huandikwa Hamisi.

Pili, tarehe ya kupima na tarehe ya kulipa zisiitwe zote Tarehe. Zikiitwa hivyo, programu itaunga kwa namba na tarehe pamoja, na malipo yaliyofanywa siku nyingine hayatakutana na karafuu zake.

Tatu, tusichanganye jedwali la kupima na la malipo yakawa jedwali moja. Tuseme mwanachama ameleta kilo 40, 35 na 25, jumla kilo 100, naye amelipwa mara mbili. Kila mzigo utakutana na kila malipo, na mistari itakuwa 6. Kilo zake zitasomeka 200, na fedha alizopokea zitasomeka mara tatu. Mtu huyo aweza kuonekana amekwisha lipwa kupita haki yake, kumbe bado anadai.

Basi, hesabu ikiletwa mbele yenu, ulizeni: kilo zilikuwa ngapi kabla ya kuunga, na ni ngapi sasa? Zikitofautiana, hesabu hiyo isikubaliwe mpaka kiungo kibovu kionekane. Swali hilo halitaki elimu ya kompyuta, nalo ni haki ya kila aliyechuma na kuanika karafuu zake.