Ndio kwanza mkoko unaalika maua

Tunda la mkoko halina subira ya matunda mengine. Halingoji kuanguka ndipo liote. Linaota likiwa bado mtini, linarefuka wiki baada ya wiki mpaka linaning'inia kama bamia iliyosahaulika shambani. Likikomaa linachomoka na kushuka wima, ncha chini. Maji yakiwa yamepwa, huweza kujichoma kwenye tope papo hapo. Yakiwa yamejaa, linaelea na kwenda litakakopelekwa.

Kwa hiyo kupanda mkoko ni kazi ambayo hata mtoto wa darasa la pili anaiweza. Unaokota tunda lililokomaa, unalikagua kama halijatobolewa na wadudu, unalidunga kwenye tope, unapiga hatua, unadunga jingine. Kule Gazi, Kaunti ya Kwale, kiasi cha kilomita 50 kusini mwa Mombasa, akina mama na vijana huifanya kazi hiyo maji yakipwa, leso zimefungwa juu ya magoti, tope likivuta mguu kama mtu asiyetaka mgeni aondoke. Ugumu wa mikoko hauko hapo.

Niliwahi kualikwa kwenye sherehe ya kupanda mikoko, mahali ambapo sitapataja, na wenye shughuli yao nao nawaacha. Fulana mpya, hotuba tatu, picha zisizo idadi. Miche kwa mamia ikachomekwa kwenye fungu la mchanga ambalo mawimbi hulipiga kutwa. Kando, chini ya mkungu, alikaa mzee mvuvi akishona wavu. Nilipomwendea akaniambia, bila hata kuinua macho, kwamba pale hapakuota mkoko tangu azaliwe. Nikamuuliza kama amewaambia wakubwa. Akasema hakuulizwa. Miezi mitatu baadaye nilipita tena: vijiti vikavu, na chupa za maji tulizoziacha sisi wageni.

Mzee yule alikuwa na elimu ambayo wataalamu huiandikia vitabu. Mikoko ina foleni yake. Mbele kabisa, panapopigwa na maji kila siku, husimama mlilana. Nyuma yake mkoko wenyewe na mizizi yake kama miguu ya kaa, kisha mwia, kisha mkandaa. Mchu hupenda kukaa karibu na nchi kavu, kwenye chumvi kali ambayo maji huifikia siku za bamvua tu, ingawa unaweza kuuona pia upande wa bahari. Kenya ina aina tisa za miti hii, na kila mmoja una mahali pake. Wavuvi na wakata miti wanapajua kwa miguu.

Elimu hiyo ilitokana na biashara. Kwa karne nyingi majahazi ya Omani na Ghuba yalishuka na upepo wa kaskazi yakileta tende, yakarudi na kusi yamesheheni boriti. Nchi zisizo na misitu zilijengewa mapaa kwa miti iliyokatwa Lamu, Rufiji na ghuba ndogondogo kama Gazi. Hata upana wa vyumba katika nyumba za mawe za Waswahili uliamuliwa na urefu ambao boriti inaweza kuvuka bila kupinda. Ndiyo maana vyumba vile ni virefu na vyembamba. Miti iliuzwa kwa korija, ishirini ishirini, na kila unene ulikuwa na jina: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, banaa. Lugha isiyojali kitu haikipi majina sita.

Basi msitu uliojulikana hivyo uliharibikaje? Jibu langu ni kwamba ulinyang'anywa mwenyewe. Mwaka 1932 serikali ya kikoloni ilitangaza mikoko yote ya pwani ya Kenya kuwa msitu wa serikali, na hadhi hiyo ikarithiwa na serikali huru. Tangu hapo mwenyeji alikuwa ama mwenye leseni au mwizi. Na leseni huenda kwa mwenye nguvu. Miaka ya 1970 sehemu kubwa ya mikoko ya Gazi ilifyekwa ili iwe kuni za viwanda vya chokaa na matofali. Palipofyekwa hapakuota tena kwa zaidi ya muongo mmoja. Upande wa bahari vikabaki visiki, na mawimbi yakaanza kuzila fukwe. Mwaka 1982 serikali ikapiga marufuku kuuza boriti nje ya nchi. Marufuku ilisaidia, lakini haikurudisha mti hata mmoja kwenye tope tupu, wala haikumpa mtu wa Gazi sababu ya kumzuia jirani yake anayekuja usiku na shoka.

Linganisha na Kaya Kinondo, isiyo mbali na Gazi, upande wa Diani. Ni msitu mdogo wa Wadigo, mmojawapo wa misitu ya kaya za Mijikenda iliyoingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Ukiingia unafungwa kaniki nyeusi kiunoni, na hutoki na kitu, hata kijiti kikavu. Hoteli zimejengwa jirani, viwanja vimeuzwa, lakini kaya ipo. Kwa nini ipo? Kwa sababu kila mtu anajua ni ya nani, na wazee wenyewe wanaweza kumwita mkosaji na kumtoza faini bila kungoja gari la askari. Mikoko, hatua chache tu baharini, haikuwa na wazee. Ilikuwa na mhuri wa Nairobi.

Mabadiliko yalianza taratibu. Mwaka 1991 mtafiti James Kairo, ambaye baadaye alikuja kuwa miongoni mwa wataalamu wakubwa wa mikoko wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, KMFRI, alianza majaribio ya kupanda mikoko pale Gazi, kwenye maeneo yaliyofyekwa. Wanakijiji ndio waliookota mbegu na kuzipanda. Miaka ikapita, tope likashika, kaa wakarudi. Kisha Sheria ya Misitu ya 2005 ikafungua mlango uliokuwa umefungwa tangu 1932: wakazi wakijisajili kama chama cha msitu, waliweza kutia saini makubaliano na Shirika la Huduma za Misitu, KFS, wakapewa sehemu ya kuitunza na haki ya kunufaika nayo.

Ndipo mwaka 2013 vijiji viwili, Gazi na Makongeni, vikazindua mradi wa Mikoko Pamoja, unaotajwa kuwa wa kwanza duniani ambamo jamii inauza kaboni ya mikoko. Eneo lake ni hekta 117, nyingi msitu wa asili na takriban 10 za kupandwa. Mkataba ni wa miaka 20. Wataalamu wa KMFRI na wenzao, akiwemo Mark Huxham wa Chuo Kikuu cha Napier cha Edinburgh, walisaidia kupima, na shirika la Plan Vivo linathibitisha hesabu.

Kaboni inauzwaje? Wengi wanadhani ni upepo unaofungwa kwenye chupa. Mti hunyonya hewa ukaa na kuigeuza kuwa shina, jani na mzizi. Kwenye shamba la kawaida jani likianguka linaoza na hewa ile inarudi juu. Kwenye mikoko linaangukia tope lisilo na oksijeni, haliozi upesi, linazikwa. Tope la mikoko limejaa majani ya zamani sana. Ukikata miti na kulichimbua tope, ile akiba inafunguka. Mradi hupima ni kiasi gani kimezuiwa kisifunguke na ni kiasi gani kipya kimeongezwa, kama tani 3,000 za hewa ukaa kwa mwaka, na watu na kampuni, wengi wao wa ng'ambo, hununua tani hizo kufidia uchafu wao.

Fedha zenyewe ni maelfu ya dola kwa mwaka, wala si mamilioni. Hapa ndipo ningependa wapangaji wetu wa maendeleo waangalie kwa makini, kwa sababu tumeona miradi ya mamilioni ikiyeyuka. Gazi fedha zinaingia kwenye kamati iliyochaguliwa na vijiji viwili, na matumizi yanajadiliwa barazani. Sehemu inalipa ulinzi na upandaji. Inayobaki inakwenda kwenye jambo ambalo watu wenyewe wamelichagua, na jambo la kwanza waliloona linawakera lilikuwa maji. Wakavuta maji ya bomba. Vitabu na matengenezo ya shule vikafuata.

Fikiria maana yake kwa mama anayesimama bombani na mtungi wa lita 20. Hahitaji semina ya mabadiliko ya tabianchi. Anajua kwamba mti ukikatwa usiku kule matopeni, maji haya yana mashaka. Na anajua anayekata ni mtoto wa nani. Askari wa misitu hawezi kuwa na taarifa kama hiyo, hata umpe boti ya kasi.

Lakini anayekata naye ana shida yake, na hapa nawasifu watu wa Gazi kwa kutojifanya malaika. Nyumba ya udongo inataka fito na nguzo, jiko linataka kuni. Ukimkataza mtu mkoko bila kumpa badala yake, umemwambia tu akate usiku. Kwa hiyo mradi umepanda mivinje nchi kavu, mti unaokua upesi na wenye nguzo zilizonyooka, ili mahitaji yaende huko. Haitoshi. Ghuba nzima ina zaidi ya hekta 600 za mikoko, na zilizo chini ya mkataba ni hizo 117. Shoka likifukuzwa hapa laweza kuhamia pale.

Wanawake wa Gazi wana njia yao nyingine, iliyotangulia hata biashara ya kaboni. Walijenga daraja la mbao linalopita katikati ya mikoko. Mgeni analipa kiingilio, anatembea juu ya tope bila kuvua viatu, anaonyeshwa mlilana na mkandaa ilivyo, kisha, akiagiza mapema, anakula samaki wa nazi. Nami nilikula, na nakiri kwamba nilielewa umuhimu wa mikoko kama mazalia ya samaki vizuri zaidi baada ya sahani ya pili.

Lipo jambo linalonikwaza, na siwezi kulipita. Mtu wa Makongeni hana gari, hapandi ndege, na moshi wake wote ni wa jiko la kuni. Anamtunzia msitu mtu wa Ulaya anayeruka kila mwezi, kisha analipwa kiasi ambacho yule mtu hakisikii mfukoni. Bei ya tani haipangwi barazani Gazi. Siku wanunuzi wakichoka, au wakipata tani za bei chee kwingine, bomba litatengenezwa na nani? Anayesema soko la kaboni litaokoa misitu ya Afrika anauza maneno. Kilichookoa mikoko ya Gazi ni kwamba watu wake walirudishiwa usemi juu yake. Kaboni imelipia gharama tu.

Usemi huo pale una mizizi. Gazi ndiko alikokaa Mbaruk bin Rashid, yule Mazrui aliyewasumbua Waingereza mwaka 1895 na 1896 kwa sababu hakukubali kuamuliwa mambo yake. Sidai kwamba kamati ya mikoko ni jeshi la Mbaruk. Nasema tu kwamba si kijiji cha kuletewa fulana.

Mwaka 2017 Mikoko Pamoja ilipata Tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Huko kusini, Vanga, Jimbo na Kiwegu zikafuata njia hiyohiyo kwa eneo kubwa zaidi, zaidi ya hekta 450. Vanga imepakana na Tanzania. Ukivuka unaingia Mkinga, mkoa wa Tanga, na mlilana ni uleule, tope ni lilelile. Samaki anayezaliwa kwenye mizizi ya Jimbo haonyeshi kitambulisho.

Waswahili husema ndio kwanza mkoko unaalika maua, kwa jambo ambalo watu wanadhani limekwisha kumbe linaanza. Watafiti waliwahi kupima mikoko iliyopandwa Gazi ilipotimiza miaka 12: urefu wa wastani mita 8.4, unene wa shina sentimita 6.2. Mkataba wa Mikoko Pamoja unamalizika mwaka 2033. Mche uliodungwa kwenye tope mwaka 2021 utakuwa umefikisha umri huohuo. Kwa lugha ya wakata miti, hiyo bado ni pau.