Nani Amefungua Faili? Ulinzi wa Rekodi za Fasihi Simulizi ya Kwale

Utangulizi

Mtafiti wa fasihi simulizi aendaye Diani au Msambweni hurudi na amana. Wazee wa Kidigo humwimbia, humsimulia ngano na kumweleza miiko, wakitarajia kwamba sauti zao zitatumiwa kwa jambo walilolikubali. Zamani amana hiyo ilikuwa kanda ndani ya kabati, na mwenye ufunguo alijulikana. Leo rekodi moja hukaa katika kipakatalishi, hifadhi ya mtandaoni na programu ya unukuzi kwa wakati mmoja. Makala haya yanaeleza namna ya kukusanya data kutoka kwa programu hizo za nje ili ijulikane nani amefungua faili ipi.

Kielelezo cha Kaya

Dhana hii si ngeni Kwale. Kaya Kinondo, karibu na Diani, ni miongoni mwa misitu mitakatifu ya Wamijikenda iliyoorodheshwa na UNESCO mwaka 2008. Mgeni haingii peke yake: hujifunga shuka nyeusi na kuongozwa na mwenyeji. Humo mna mambo mawili: idhini ya kuingia, na jicho la kumwona aliyeingia. Faili zetu nyingi zina la kwanza, yaani nywila, bila la pili.

Hatua za Ukusanyaji

Kwanza, ziorodheshwe programu zote zinazohifadhi rekodi. Pili, katika kila programu ifunguliwe akaunti ya ukusanyaji yenye idhini ya kusoma kumbukumbu za matumizi pekee, isiyoweza kufungua rekodi zenyewe. Mlinzi hahitaji kuisikia siri ili ailinde. Tatu, zikusanywe taarifa tano: nani, faili ipi, alifanya nini, lini, na kwa kifaa gani.

Nne, taarifa hizo zisawazishwe. Mtu mmoja aweza kuwa na majina matatu katika programu tatu. Aidha, programu nyingi huandika saa za kimataifa, zilizo nyuma ya saa za Kenya kwa saa 3. Hivyo, faili iliyofunguliwa Msambweni saa 8 usiku huonekana imefunguliwa saa 5 usiku, tarehe iliyotangulia. Asiyelizingatia hili aweza kumshuku asiyehusika. Tano, matokeo yalinganishwe na orodha ya idhini walizotoa wasimulizi.

Mipaka

Zipo programu zinazomwonyesha aliyehariri pasi na kumwonyesha aliyesoma. Isitoshe, faili ikishanakiliwa kwenye simu ya mtu, kumbukumbu hukomea hapo. Vilevile, data hizi ni taarifa binafsi za watafiti, nayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihusu. Hivyo basi, watafiti hawana budi kujulishwa, na data zisihifadhiwe kupita haja.

Hitimisho

Sheria ya Kenya ya mwaka 2016 kuhusu maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni inazitambua jamii kuwa wenye haki juu ya urithi wao. Haki hiyo haitekelezeki iwapo mtunza rekodi mwenyewe hajui zilikofika. Mzee akiuliza ngano yake imesikilizwa na nani, anastahili kujibiwa kwa majina na tarehe, wala si kwa kukisia.