Dhahabu mbili za seva ya kale

Tarehe 5 Novemba 1999, hisa za Cobalt Networks, kampuni changa ya Mountain View, California, ziliingia sokoni kwa dola 22. Siku hiyo hiyo zilifunga zikiwa zimevuka dola 120. Kilichowavuta wanunuzi ni sanduku la bluu, bapa kama sinia, lililoitwa RaQ. Hiyo ilikuwa seva ya intaneti iliyotoka kiwandani ikiwa na kila kitu tumboni. Mwenye nayo aliichomeka kwenye umeme, akaingiza anwani ya mtandao kwa vitufe vichache vya mbele huku akisoma kwenye kioo kidogo, na kazi nyingine akaimalizia kwa kompyuta yake ya mezani. Septemba 2000, Sun Microsystems ilitangaza kuinunua Cobalt kwa takriban dola bilioni 2. Haikupita miaka mingi Sun ikasitisha aina zote za RaQ, na mwaka 2010 Sun yenyewe ikaingia mikononi mwa Oracle.

Kampuni zimekwenda, lakini masanduku ya bluu yapo. Yananunuliwa na kuuzwa, yanafunguliwa mezani, yanasafishwa, yanawashwa. Nyuma yake ipo biashara ndogo yenye wafanyabiashara wa vipuri, mafundi, waandishi wa programu na makumbusho. Bidhaa yao ni kitu ambacho mizania ya mwenye mali imekwisha kukiandika sifuri.

Bei kwa kimo

Uchumi wa seva hizi ulianza na nafasi. Raki, ile fremu ya chuma ya kupangia mitambo, ina upana wa inchi 19, kipimo kilichorithiwa kutoka kwenye mitambo ya simu. Kimo chake hugawanywa kwa U, na U moja ni inchi 1.75, yaani milimita 44.45. Raki ya kawaida ina U 42. Kwa kuwa vituo vya data hukodisha nafasi kwa U, seva yenye kimo cha U moja ilimpa mwenye biashara ya tovuti wateja wengi zaidi kwa kodi ile ile. Hapo ndipo RaQ ilipopata soko lake.

Katika mwaka huo huo wa 1999, Google, ikiwa bado na fedha za kuhesabu, ilipanga bodi nne nne za kompyuta za kawaida kwenye trei moja, ikatandika karatasi za koki chini yake ili umeme usigusane na chuma. Raki mojawapo imehifadhiwa katika Computer History Museum, Mountain View. Anayesimama mbele yake huona nyaya zilizoning'inia na bodi zisizo na kasha, na papo hapo huelewa jambo ambalo ripoti ya mwaka ya kampuni haiwezi kumweleza: biashara hii kubwa ilijengwa kwa vifaa vya bei rahisi na mikono iliyokuwa na haraka.

Wateja wa aina tatu

Mnunuzi wa kwanza wa seva ya kale hana mapenzi nayo. Ana kiwanda, mtambo au ghala ambalo programu yake iliandikwa miongo mitatu iliyopita, na kuiandika upya ni gharama kubwa kuliko kutafuta vipuri. Mfano mzuri ni kompyuta za VAX, zilizotoka mwaka 1977 katika kampuni ya Digital. Compaq iliinunua Digital mwaka 1998 kwa dola bilioni 9.6, na mwaka 2002 Compaq ikaunganishwa na HP. Hata hivyo OpenVMS, mfumo endeshi uliozaliwa na VAX, bado unauzwa na kuhudumiwa na kampuni ya VMS Software. Stromasys nayo huuza programu ya Charon, inayoigiza mashine za VAX, Alpha na SPARC ndani ya seva mpya ili programu ya zamani iendelee bila kujua kwamba nyumba imebadilika.

Mnunuzi wa pili ni mfufuaji. Mara nyingi ni mhandisi aliyeanza kazi miaka ya tisini, na sasa anaitaka mashine aliyokuwa akiikeshea. Huyu hulipia ukamilifu. Seva yenye uso wake wa mbele, funguo zake na reli zake za kuiingizia kwenye raki ina bei ya juu kuliko pacha wake aliyepungukiwa. Reli ndizo huadimika zaidi, kwa sababu seva inapotolewa, reli husahaulika ndani ya raki na kwenda nayo kwenye chuma chakavu.

Wa tatu ni makumbusho, na huyu ndiye dhaifu kifedha. Living Computers, jumba la Seattle lililoanzishwa na Paul Allen, mmoja wa waasisi wa Microsoft, liliwaruhusu wageni kuzitumia mashine kubwa za zamani zikiwa hai. Lilifungwa mwaka 2020, na mwaka 2024 sehemu ya mkusanyiko wake ikapigwa mnada na Christie's. Mashine hai hula umeme, hutaka baridi, na humtaka fundi anayelipwa mwezi hadi mwezi. Mfadhili akiondoka, gharama hizo hubaki.

Kinachokufa kwanza

Chuma hakifi upesi. Vinavyokufa ni vitu vidogo, na hivyo ndivyo vinavyoamua bei.

Seva na kompyuta nyingi za Sun ziliandika utambulisho wake, ikiwemo anwani ya mtandao, ndani ya chipu yenye betri iliyozibwa humo humo. Betri hiyo ikiisha baada ya miaka kumi hivi, mashine huamka bila kujua ni nani, na haiwezi kujitambulisha mtandaoni. Mfufuaji huchonga plastiki ya juu ya chipu kwa uangalifu, hukata miguu ya betri iliyokufa, kisha huunganisha kwa risasi kishikio cha betri ya kidonge ya CR2032. Betri ya bei ya chai inarudisha kazini seva iliyowahi kugharimu maelfu ya dola.

Kisha kuna kapasita. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 viwanda vingi vilitumia kapasita zenye maji mabovu ndani, zikavimba na kuvuja. Mwaka 2005 Dell ilitenga takriban dola milioni 300 kugharamia kompyuta za mezani zilizoathirika. Fundi wa leo huzing'oa moja moja, hubandika mpya, na huosha maji yaliyovuja kabla hayajala njia za shaba. Diski nazo huchoka, na nafasi yake huchukuliwa na kadi za kumbukumbu zilizowekewa vigeuzi.

Mwisho ni programu, na hapa RaQ ina bahati. Sun iliachia msimbo wa Cobalt uwe huru, ukaendelezwa na watumiaji kwa jina la BlueQuartz. Mradi wa NetBSD nao unalo toleo mahsusi kwa mashine za Cobalt zenye chipu za MIPS. Kampuni iliyofungua msimbo wake kabla ya kuondoka iliacha mashine zinazoweza kufufuka. Seva zilizohitaji leseni au nywila ya mwenye kiwanda huwaka feni tu, zikabaki mapambo.

Dhahabu inayoziua

Ya kale ni dhahabu, husema Waswahili, na kwa seva maneno haya ni kweli mpaka kwenye mizani. Bodi, viunganishi na chipu za miaka ya tisini zina dhahabu halisi, nyingi kuliko za leo, na wayeyushaji huzinunua kwa kilo. Kila bei ya dhahabu inapopanda, mashine zilizosalia hupungua. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 inaonesha kwamba dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za umeme mwaka 2022, na asilimia 22.3 tu ndizo zilizothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Urejelezaji ni kazi njema. Kasoro ni pale mzani unapokuwa ndio mwamuzi pekee.

Hata wakubwa wamegundua kuwa umri wa seva una thamani. Mwaka 2023 Google iliongeza muda wa kuhesabu uchakavu wa seva zake kutoka miaka 4 hadi 6, na ikakadiria kupunguza gharama za mwaka huo kwa dola bilioni 3.4. Microsoft ilikuwa imefanya hivyo hivyo mwaka uliotangulia.

Hesabu yetu

Kabla ya nyaya za baharini kama SEACOM kufika Afrika Mashariki mwaka 2009, intaneti yetu ilipitia zaidi angani, kwa setilaiti na kwa bei kali. Barua pepe kati ya ofisi mbili za Nairobi iliweza kwenda ng'ambo na kurudi. Ndiyo maana KIXP, kituo cha kubadilishana mawasiliano, kilianzishwa Novemba 2000. Kilifungwa na mdhibiti wa mawasiliano baada ya wiki mbili, kikafunguliwa tena Februari 2002. Seva za barua na zile za kuhifadhi kurasa zilizofunguliwa mara nyingi ziliokoa fedha kila siku. Ni mitambo ya historia yetu, na mingi ilitoka ofisini bila mtu kuandika ilifanya nini.

Taasisi inayotoa seva leo inaweza kuokoa thamani hiyo kwa gharama ndogo. Itoe diski na kuziharibu, kwa kuwa siri za wateja haziuzwi. Izitoe reli na uso wa mbele pamoja na seva. Ihifadhi miongozo na nywila za kiwandani. Iandike karatasi moja: mashine hii iliitwa nani, ilihudumia nini, tangu lini hadi lini. Mnunuzi wa kilo hatailipia karatasi hiyo hata senti. Mfufuaji ataitafuta kabla ya kuuliza bei, kwani dhahabu ya kwanza huyeyushwa mara moja, na hii ya pili hupatikana tu pale aliyekuwepo alipokubali kuandika.