Starehe ni gharama: Je, uraibu wako unakula pesa za dawa?

Jumatatu moja asubuhi mwanamume wa miaka 47 aliingia katika chumba changu cha matibabu akichechemea huku amemwegemea mkewe. Kifundo cha mguu wake wa kulia kilikuwa kimefura. Aliumia Jumapili akicheza kandanda na wenzake, kikundi cha wanaume wa mtaani ambao hukutana kila juma ili, kwa maneno yake, "kujitoa kutu".

Kifundo hakikunitia wasiwasi. Kilichonitia wasiwasi ni shinikizo la damu: 178 kwa 110. Nilipotazama kadi yake nikaona ni mgonjwa wa presha kwa miaka mitatu, na kwamba alipaswa kumeza dawa kila siku.

"Mzee, dawa zilikwisha lini?" nikamuuliza.

"Yapata miezi miwili, daktari. Pesa zimekuwa shida."

Mkewe akadakia: "Muulize viatu vya mpira alivyonunua juzi ni vya pesa ngapi. Daktari, nakuomba umkataze huu mpira. Mimi hanisikii, lakini wewe atakusikia."

Sikumkataza. Nilimwambia aupumzishe mguu, aukande kwa barafu iliyofungwa kwa kitambaa, aanze dawa siku hiyo hiyo na asirudi uwanjani kabla presha haijateremka na kifundo hakijapona. Lakini kumpokonya mpira kabisa kungekuwa kumtibu ugonjwa mmoja na kumpa mwingine. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa angalau dakika 150 kila juma, na mwili wa mgonjwa wa presha iliyodhibitiwa hunufaika nayo. Tena, mtu mwenye marafiki wa kucheka nao hubeba mizigo ya maisha kwa wepesi kuliko anayejifungia nyumbani na mawazo yake.

Basi nikachukua karatasi na kumwuliza swali ambalo siku hizi huwauliza wagonjwa wangu wengi: "Uraibu wako unakugharimu pesa ngapi?"

Alijibu bila kusita: "Ni mia mbili tu kwa juma, daktari. Ya uwanja na mpira."

Mkia wa uraibu

Msomaji mpendwa, hivyo ndivyo wengi wetu tunavyohesabu. Tunataja bei ya mlangoni na kusahau mkia wake. Tuliketi watatu tukaufuata mkia huo.

Uwanja na mpira, Sh200. Matatu kwenda na kurudi, Sh200. Maji na soda, Sh100. Baada ya mchezo timu huketi pamoja, na fungu lake la nyama na vinywaji huwa Sh700. Jumla ni Sh1,200 kila Jumapili. Mwaka una majuma 52, kwa hivyo ni Sh62,400.

Tukaongeza vitu vya mara moja kwa mwaka: viatu Sh3,500, jezi Sh1,500, na safari mbili za kucheza nje ya mji, Sh2,500 kila moja. Hizo ni Sh10,000 nyingine. Mpira ambao kwa hesabu yake ulikuwa wa Sh10,400 kwa mwaka ulikuwa ukimla Sh72,400, yaani zaidi ya Sh6,000 kila mwezi. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba pia hukitoboa.

Dawa zake za presha zilikuwa za Sh900 kwa mwezi. Nyama na vinywaji vya Jumapili mbili, Sh1,400, vilitosha kununua dawa za mwezi mzima na chenji ikabaki. Mwenyewe aliitazama karatasi kwa muda mrefu, kisha akasema polepole: "Kumbe si mpira, daktari. Ni meza ya baada ya mpira."

Mara nyingi ndivyo ilivyo. Mama anayeimba kwaya haui bajeti yake kwa kuimba. Pesa huenda kwenye sare mpya, nauli za mashindano na michango ya safari. Mvuvi wa ndoano haumizwi na ndoano, bali na petroli na siku nzima ya kula nje.

Gharama ambayo haiandikwi

Mwili nao hutoa ankara yake. Mgonjwa wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma, na asipofanya kazi halipwi. Siku tano za kukaa nyumbani, kwa Sh1,500 kila siku, zilimpokonya Sh7,500. Tulipoongeza picha ya eksirei, bendeji, dawa za maumivu na nauli, kifundo kile kilifikia Sh10,000.

Ikiwa umepita miaka 40 na unarejea mchezo wa mbio baada ya muda mrefu, pima presha na sukari kwanza. Upashe mwili moto kwa dakika 10 kabla ya kuanza. Ukihisi maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kukatika isivyo kawaida, simama mara moja na utafute matibabu. Na usisahau kwamba presha mara nyingi haina dalili. Mtu anaweza kuacha dawa, akajihisi mzima kama kigongo, kumbe yuko njiani kuelekea kiharusi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa kiharusi hujengwa na jamaa nzima.

Namna ya kupanga

Simwandikii yeyote kiwango maalumu cha mshahara, kwani mifuko haifanani. Lakini hatua hizi humfaa kila mtu.

Kwanza, andika kila senti ya uraibu wako kwa mwezi mmoja, pamoja na nauli na chakula. Ujumbe wa M-Pesa katika simu yako utakukumbusha uliyosahau. Gharama ya kila juma izidishe mara 52.

Pili, tenga mambo yasiyoguswa: chakula, kodi ya nyumba, karo, dawa za kila siku na bima ya afya. Tangu Oktoba 2024, SHA ilipochukua mahali pa NHIF, aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake. Asiye na ajira rasmi hukadiriwa kulingana na mapato ya nyumba yake, na mchango haupungui Sh300 kwa mwezi. Fungu la burudani hutoka katika kinachobaki.

Tatu, vitu vya mara moja kwa mwaka vigawe kwa miezi 12. Zile Sh10,000 za viatu, jezi na safari zikiwekwa akiba kila mwezi ni karibu Sh835. Zikikujia kwa kishindo Agosti, zitang'oa karo.

Nne, usinunue vifaa kabla hujajijaribu kwa miezi mitatu. Azima, au tafuta vya mtumba Gikomba na kwingineko. Mimi mwenyewe nilinunua baiskeli ya bei ghali nikiwa nimejiapiza kuiendesha kila asubuhi. Ilikaa barazani miezi minane ikianikiwa taulo.

Tano, weka akiba kidogo ya kuumia, hata Sh200 kwa mwezi. Sita, ketini kama mume na mke, na kila mmoja awe na fungu lake. Nilipomwuliza yule mama uraibu wake ni upi, alicheka na kusema hajawahi kuulizwa. Baadaye alitaja kushona vitambaa, jambo aliloliacha kwa kukosa pesa za uzi.

Uraibu usio na bei

Neno uraibu lina pande mbili. Ni kitu cha kujiburudisha, kama tambuu kwa wazee wa pwani, na pia ni mazoea yanayomfunga mtu. Kamari ya simu iko upande huo wa pili kwa wengi wanaokuja kuniona. Huwezi kuipangia bajeti kwa kuwa hujui bei yake hadi umekwisha kulipa. Ukijikuta unacheza ili urudishe ulichopoteza, unakopa kwa simu ili ubashiri, au unamficha mwenzako, huo ni ugonjwa unaotambuliwa na Shirika la Afya Duniani. Zungumza na daktari au mshauri bila aibu.

Mgonjwa wangu alirudi baada ya miezi mitatu akitembea vyema. Presha ilikuwa 136 kwa 84. Alikuwa amepanga upya: uwanja Sh200, matatu ya kwenda tu Sh100 na kurudi kwa miguu, maji ya kutoka nyumbani, nyama mara moja kwa mwezi Sh700, safari moja tu ya nje. Pamoja na viatu na jezi, jumla ilikuwa Sh31,500 kwa mwaka. Aliokoa Sh40,900, zaidi ya mara tatu ya gharama ya dawa zake. Wenzake walimtania kwamba amekuwa bahili, hadi wawili wao walipomwomba ile karatasi.

Nilimwuliza mkewe kama bado anataka nimkataze mpira.

"La, daktari," akajibu, akitoa mkobani kitambaa alichokuwa akikishona kwenye foleni. "Aende tu. Jumapili hizo nami huwa na kazi yangu."

Leo jioni chukua daftari uandike uraibu wako na mkia wake wote. Halafu tazama kama dawa zako ziko kabatini.