Kichwa Huja Mwisho

Nilikwenda Shella, hapa Malindi, kuandika habari ya piko. Mhariri alitaka makala fupi ya msimu wa harusi: bei, mitindo, nani anapenda maua makubwa na nani anapenda vijiti vyembamba. Mpambaji, mwanamke wa miaka arubaini kasoro, alikuwa ameuweka mguu wa mteja juu ya mto, koni ya hina mkononi. Simu yake ilikuwa imeegemezwa kwenye kopo la sukari. Ndani ya simu, msichana wa katuni mwenye nywele za manjano zilizofungwa mafundo mawili mfano wa kaimati alikuwa akizunguka hewani huku utepe ukimvika nguo. Ikaisha. Mpambaji akairudisha nyuma kwa kidole cha mwisho, maana ndicho pekee kisichokuwa na hina, na msichana akaanza kuzunguka upya. Iliporudi mara ya tatu nilikuwa nimeshasahau piko.

“Mbona hapo hapo tu?” nikamuuliza.

“Hapo ndipo penye kazi, dadangu. Kwengine ni maneno.”

Ameniomba nisimtaje jina. “Andika fundi,” alisema, “wanaonijua watanijua.”

Katuni yenyewe ni Sailor Moon. Wengi waliokuwa watoto miaka ya tisini wameiona au kuisikia. Iliandikwa na kuchorwa kwanza kama kitabu cha picha na Naoko Takeuchi, kisha studio ya Toei ikaigeuza kipindi cha televisheni kilichoanza Japani tarehe 7 Machi 1992 na kumalizika Februari 1997, vipindi 200 kwa jumla. Msichana anaitwa Usagi Tsukino, jina ambalo kwa Kijapani linasikika kama kusema sungura wa mwezini, kwa sababu Wajapani wakiutazama mwezi mpevu humwona sungura akitwanga kinuni. Sisi sungura tunayemjua kwenye hadithi ni mjanja wa kuwashinda fisi na simba. Huyu ni mlizi, mlafi, anachelewa shule, na katika kipindi cha kwanza anarudi nyumbani na alama 30 za Kiingereza. Paka mweusi anayesema anamjia usiku, anampa kibweta cha kubana kifuani, na kumfundisha maneno ya kumgeuza askari.

Fundi alikutana naye jikoni kwa watu. Mamake alikuwa mpishi wa familia ya Kiitaliano, na wakati wa likizo mtoto wa nyumba ile alikuja na kanda za video alizorekodi kwao. Italia walianza kuionyesha mwaka 1995, na huko Usagi walimwita Bunny. Basi mtoto wa mpishi na mtoto wa mwenye nyumba walikaa chini sakafuni, vigae vya baridi, wakamtazama Bunny mpaka kanda ikaanza kutoa mistari. Likizo zilipokwisha kanda zilibaki. Malindi sina haja ya kueleza Kiitaliano kinaingiaje kinywani mwa mtu. Wapo waliokipata ufuoni, wapo waliokipata hotelini, na huyu alikipata kwa Bunny. Anasema hata leo akikasirika kwa Kiitaliano hutoka sauti nyembamba ya kike ya kitoto, na wateja wake wa kizungu hucheka.

Mwaka jana bintiye, aliye sekondari, aliipata katuni hiyo mtandaoni ikiwa na sauti zake za Kijapani, maandishi yakipita chini. Mama alikuwa akichekecha hina. Akaisikia ile sehemu ya kugeuka, mkono ukasimama juu ya chekeche.

“Katika kanda zetu Bunny huiita nguvu ya mwezi imjie. ‘Njoo kwangu,’ ndivyo anavyosema. Miaka yote hiyo nimeshika hivyo. Sasa nasikia huyu wa Kijapani anapiga kelele neno jengine. Nikamwambia mwanangu, rudisha. Akarudisha. Nikamwambia tena rudisha. Mwanangu, huyu si anasema mekapu?”

Ndiyo, anasema mekapu. Katika Kijapani, Usagi na askari wenzake wote humaliza amri ya kugeuka kwa maneno ya Kiingereza yaliyotamkwa kwa ulimi wa kwao: meeku appu. Waitaliano waliyaondoa. Wamarekani walipoitafsiri mwaka huo huo wa 1995 nao waliyaacha nje, na msichana wakamwita Serena. Sababu yao naweza kuikisia tu: pengine waliona aibu askari kuingia vitani akipigia kelele wanja na rangi ya mdomo. Lakini huyu mwanamke wa Shella, ambaye tangu akiwa na miaka kumi na tisa anakula kwa mkono unaopamba maharusi, alikuwa amefichwa kwamba neno la siri la shujaa wa utoto wake ni jina la kazi yake mwenyewe.

“Nililia,” alisema, bila kuinua uso kwenye mguu wa mteja. “Mwanangu akadhani hina imeniingia machoni.”

Tangu siku hiyo amezitazama upya sehemu za kugeuka, moja moja, na alinitaka nami nizitazame. Tulikaa saa nzima kwenye sekunde zisizofika hamsini. Mteja naye alikaa, miguu ikikauka, akawa wa tatu wetu.

Mkono unainuka kwanza. “Tazama kucha,” alisema, akaisimamisha picha. Kucha zinashika rangi na kumetameta kabla ya kitu chochote kingine. Wenzake waliomfuata nao ni hivyo hivyo, kila mmoja na rangi ya sayari yake: buluu kwa Mercury, nyekundu kwa Mars, kijani kwa Jupiter. Halafu kibweta kinafunguka, tepe zinatoka na kuuzunguka mwili. Mwili ukishafunikwa zinafuata glavu, kisha viatu virefu, kisha sketi. Anasimamisha tena. “Mikono, miguu, nguo. Sasa ngoja.” Vipuli vya masikioni. Mwisho kabisa, kwenye paji la uso, taji.

“Nani alimwambia mchoraji huyu kwamba kichwa huja mwisho?”

Akanieleza harusi ya kwetu kama kwamba sikuzaliwa pwani, na nikamwacha, maana alikuwa akiihesabu kwa vidole. Singo kwanza, mwili usuguliwe kwa liwa na karafuu na mawaridi mpaka ngozi ilainike. Kisha hina ya mikono, kisha ya miguu, na hapo bibi harusi hawezi kushika kitu wala kukanyaga, analishwa kama mtoto. Kisha nguo. Kisha dhahabu. Kichwa hakiguswi mpaka mengine yote yamekamilika, kwa sababu asmini hunyauka na nywele huporomoka. Ukianza na kichwa umeharibu. Kila mwanafunzi anayemfundisha hutaka kuanza na kichwa.

“Na sasa tazama analifanyia nini lile taji,” alisema. Katika kipindi cha kwanza jini limejigeuza mama wa rafiki yake Usagi, mwenye duka la vito, na linauza mikufu na pete kwa bei ya kutupa. Wanawake wanasongamana kununua, na kila kito kinawanyonya nguvu mpaka wanaanguka. Usagi anaogopa, anakaa chini na kulia. Paka anamkemea. Ndipo anapolivua taji, lile pambo la mwisho kabisa, linageuka kisahani cha mwanga, naye analirusha. Jini linakuwa vumbi.

Mteja wetu mwenye miguu ya hina alisema, “Subhanallah,” taratibu, kama mtu aliyekuwa msibani.

Nilimweleza fundi nilichojua kuhusu jinsi michoro hiyo inavyotengenezwa, nikidhani nitamvunja moyo. Kugeuka kule huchorwa mara moja tu. Michoro huwekwa akiba na kutumiwa tena kipindi baada ya kipindi. Wajapani wenyewe huiita benki. Desturi hiyo ilishika mizizi kwa Osamu Tezuka na studio yake, walipoanza kurusha katuni ya Astro Boy Januari 1963 na kukuta kwamba hakuna mikono wala fedha za kuchora kipindi kizima kila wiki. Walipunguza michoro hadi kama minane kwa sekunde, wakaweka akiba chochote kinachoweza kurudiwa. Kwa hiyo Usagi anapozunguka wiki hii ni Usagi yule yule wa wiki jana, mstari kwa mstari. Wakosoaji waliiita ubahili.

Hakuvunjika moyo. “Kama utachora mara moja na watu wataangalia mara mia, si utachora vizuri?” Akaniuliza kama nimewahi kuona harusi mbili za Malindi ambazo bibi harusi hakutolewa kwa njia ile ile, udi ule ule, vigelegele mahali pale pale. Watu wanajua kinachokuja, na bado wanapanda viti wamwone. Mtoto wake humuuliza kwa nini jini linasubiri mpaka msichana amalize kupambwa badala ya kumvamia. “Nikamwambia, wewe hujaona watu mia tatu wamekaa ukumbini tangu saa mbili wakimngoja mtu mmoja saa sita? Na wana njaa.”

Paka ndiye aliyemgusa zaidi katika kutazama huku kwa pili. Alipokuwa mdogo alimwona ni paka tu. Sasa anasema Luna, paka huyo, ni somo. Watoto wa pwani waliopata bahati ya kuwa na somo wataelewa mara moja: mwanamke asiye mama, anayeingia chumbani usiku wa mambo mazito, anayejua siri ya mwili wako kabla yako, anakemea, hapendelei, haondoki. Usagi anakutana naye njiani watoto wakimtesa, plasta imebandikwa kwenye paji lake. Anaibandua, na chini yake kuna alama ya mwezi mwandamo. Fundi anakumbuka mtaani kwao paka mweusi alipigwa mawe akidhaniwa jini. Baada ya kanda zile yeye na dadake walianza kuwabandua paka manyoya ya paji wakitafuta mwezi. Alicheka aliposema hivyo, kisha akanyamaza muda mrefu kuliko kicheko kilivyodai.

“Ana miaka kumi na minne,” alisema.

Nilidhani anamsema bintiye. Alikuwa akimsema Bunny.

“Nilipomwona mara ya kwanza nilikuwa mdogo kuliko yeye, nikamwona mkubwa. Saa hii namtazama na namwona mtoto. Kumi na minne. Analia kwa alama za mtihani.” Akaiweka koni chini. Miaka kadhaa nyuma aliitwa kijiji kimoja upande wa bara ya Malindi kupamba. Nyumba ilijaa, vigelegele, pilau ilikuwa motoni. Akapewa mikono ya bibi harusi. Kucha zilikuwa zimetafunwa hadi nyama. Vidole vilikuwa vifupi, na kwenye kidole cha kati kulikuwa na kile kigumba cha kalamu ambacho mwanafunzi huwa nacho. Akauliza umri, shangazi mmoja akajibu kumi na minane, haraka, kabla ya msichana hajafungua mdomo. Akamaliza hina. Alilipwa. Alirudi kwa bodaboda na mkoba wake mapajani.

“Sikumuuliza yeye mwenyewe. Pengine kweli alikuwa na kumi na minane, wapo wenye mikono midogo. Hilo ndilo linaloniamsha usiku. Sijui, na nilikuwa nimemshika mkono saa tatu nzima.”

Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 imeutaja umri wa ndoa: miaka 18. Wasomaji wa Kilifi hawahitaji mimi kuwaambia ni wasichana wangapi wa kaunti hii wanaacha madawati. Mnawajua, mmewasomesha, baadhi yenu mmekaa kwenye vikao vyao vya posa.

Tangu akiwa mtoto, anasema, alidhani Bunny anapambwa kama bibi harusi. “Sasa naona tofauti. Yule anapambwa apigane. Na akishapigana anarudi nyumbani kulala, kesho yake shule. Pambo linavuka. Hakuna anayempeleka mahali asikoweza kurudi.”

Binti alifika kutoka shuleni, akanisalimu kwa adabu, akaketi akitazama simu juu ya bega la mamake. Huyu amekua na mashujaa wa kwetu pia: anamjua Jo wa Supa Modo, filamu ya Likarion Wainaina ya mwaka 2018, anamjua na Sema wa katuni ya Super Sema. Bunny anampenda kwa sababu ya mamake. Lakini ana swali ambalo mama hajalijibu, nami nilishindwa: kwa nini ni lazima apambwe kwanza? Je, hangeweza kupigana na sare yake ya shule, na kucha alizozitafuna?

Mama alifikiri. Alimwonyesha yule kijana mwenye koti jeusi, kofia ndefu, barakoa na waridi anayekuja kumsaidia Usagi. “Na huyu naye kavaa kama bwana harusi.” Binti akasema hilo si jibu. Mama akakubali kwamba si jibu. Wakabaki wanatazama, mkono ukiinuka, kucha zikishika rangi.

Nilipoaga nilikumbuka bei za piko. Fundi alinitajia, nimezipoteza kwenye daftari. Jambo moja aliniomba nilichapishe kama alivyolisema, basi nalichapisha kwa yeyote mwenye harusi msimu huu kutoka Mambrui hadi Takaungu. Atakuja hata usiku, kwa bodaboda, na hina anaichanganya mwenyewe. Ila atakapofika mlangoni mwonyesheni kwanza kitambulisho cha bibi harusi, akiwa amekishika bibi harusi mwenyewe, na umri wake autaje kwa kinywa chake. Bila hivyo koni haifunguliwi, na nauli mtamrudishia.