Tumbawe jipya tangini: Usikimbilie kulilisha

MFUGAJI aliyewahi kununua ng'ombe mnadani anajua kuwa siku ya kwanza hammwagii pumba debe zima. Humpa maji, kivuli na majani kidogo, kisha humwangalia kama anacheua. Ng'ombe aliyechoka kwa safari akijazwa chakula ghafla, anayeingia hasara ni mwenye ng'ombe.

Wanaofuga matumbawe kwenye matangi ya kioo nyumbani, shughuli yenye wateja wengi Marekani, Ulaya na Japani, husahau jambo hilo kila siku. Tumbawe linafika asubuhi, jioni limeshamwagiwa chakula, na baada ya wiki moja maji yamechafuka na mali imekufa. Mwenye tangi hulalamika kuwa aliuziwa tumbawe bovu. Mara nyingi tumbawe lilikuwa zima.

Ieleweke kwanza kuwa tumbawe si jiwe wala mmea. Ni mnyama. Katika kila kijitundu cha lile gamba gumu anakaa kiumbe laini aitwaye polipu, mwenye mdomo mmoja uliozungukwa na minyiri yenye vichomo vya kunasia vijidudu vya majini. Aidha, ndani ya mwili wake polipu naye ni mfugaji: anatunza mwani mdogo mno wa chembe moja. Mwani huo hutumia mwanga kutengeneza sukari na kumgawia mwenyeji wake. Kwa matumbawe mengi ya kina kifupi, sukari hiyo inaweza kufikia asilimia 90 ya nishati yanayohitaji.

Kwa hiyo taa nzuri ndiyo lishe ya kwanza. Hata hivyo, sukari peke yake haijengi mwili, kama vile ng'ombe hawezi kunenepa kwa molasi tupu. Utafiti uliofanyika Hawaii na kuchapishwa mwaka 2006 katika jarida la Nature ulionyesha kuwa tumbawe aina ya Montipora capitata, lilipopauka baada ya kupoteza mwani wake, liliongeza ulaji wa vijidudu hadi likajitosheleza kwa nishati. Aina mbili nyingine zilizochunguzwa pamoja nalo hazikuweza. Chakula cha mdomoni kina kazi yake, ila kina wakati wake.

Tumbawe lililotoka safarini huwa limejikunyata na kutoa ute. Mdomo umefungwa. Chakula kikitupwa juu yake kinaoza pale pale, bakteria wanazaliana na nyama inaanza kubanduka. Siku hizo za mwanzo kazi yako ni maji na mwanga: joto la nyuzi 25 hadi 26, chumvi gramu 35 kwa kilo ya maji, na taa hafifu unayoiongeza kidogo kidogo kwa muda wa wiki mbili. Chungulia usiku baada ya kuzima taa. Ukiona minyiri imetoka siku mbili tatu mfululizo, hapo mnyama anaomba chakula.

Chukua uduvi mdogo waliogandishwa, wayeyushe katika kikombe cha maji ya tangi, kisha wachuje. Yale maji ya kuyeyushia yana fosfeti; yamwage. Zima pampu, vuta uduvi wachache kwa bomba la sindano lisilo na sindano, na uwadondoshe taratibu juu ya minyiri. Polipu mwenye njaa hukunja minyiri na kuelekeza chakula mdomoni. Asipokunja, acha, jaribu kesho kutwa. Samaki wakija kupora, lifunike tumbawe kwa kipande cha chupa ya plastiki hadi limeze. Baada ya dakika kumi na tano washa pampu. Usiseme utaiwasha ukishamaliza kula chakula chako cha jioni. Pampu iliyosahaulika inaweza kuua tangi zima kwa kukosa hewa. Mara moja au mbili kwa wiki inatosha.

Chakula kilingane na mdomo. Trachyphyllia, lenye nyama nene na mdomo mpana, humeza uduvi mzima. Acropora lina midomo midogo sana. Hilo lipe atemia waliototolewa karibuni. Mayai ya atemia hutotolewa nyumbani katika chupa ya maji ya chumvi yenye joto la nyuzi 28, ukipuliza hewa kwa takriban saa 24. Usimwage maganda tangini.

Lipo moja lisilosubiri sana, nalo ni Tubastraea, lenye rangi ya njano au chungwa, ambalo hata katika Bahari ya Hindi hukaa chini ya miamba yenye kivuli. Halina mwani wa kulilisha, kwa hiyo kila polipu lazima apewe chakula chake, kila baada ya siku chache. Likigoma kufungua, tia matone machache ya maji ya uduvi karibu nalo, subiri nusu saa. Anayeanza ufugaji, kwa maoni yangu, asilinunue, hata likiuzwa bei ya kutupa.

Pima nitreti na fosfeti kila wiki. Zikipanda, punguza chakula kabla ya kununua dawa yoyote, na ubadilishe sehemu moja ya kumi ya maji.

Tumbawe linalokula vizuri hukua, hukatwa vipande, na kila kipande kikigandishwa kwa gundi juu ya kijiwe huwa bidhaa. Mwaka 2018 Indonesia, muuzaji mkubwa wa matumbawe duniani, ilisitisha kuyasafirisha nje, na wenye vipande vya kujizalishia hawakukosa cha kuuza. Matumbawe magumu yamo katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES, hivyo yakivuka mpaka huhitaji kibali cha nchi yanakotoka. Dai karatasi hiyo kabla ya kutoa fedha.