Degedege la Homa Si Kifafa

Akina mama wenzetu, hakuna usiku mrefu kama ule ambao mtoto anakakamaa mikononi mwako, macho yamegeuka juu na povu linamtoka. Jirani yetu mmoja hapa Themi yalimpata hayo na mwanawe wa miaka 2. Kabla hakujapambazuka, wapangaji wenzake walikwisha kusema, "Ana kifafa huyo." Neno hilo likishasemwa uani halifutiki upesi.

Nesi alimwuliza kwanza: alikuwa na homa? Alikuwa nayo tangu jioni, na wiki mbili nyuma walikuwa Mto wa Mbu kwa bibi. Damu ilipopimwa, ikaonekana malaria.

Homa yaweza kuleta degedege kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, maana ubongo wake bado mchanga. Mara nyingi mwili wote hutikisika kwa dakika chache, kisha basi. Wengi huachana nalo wakikua. Kifafa huja hata mwili ukiwa baridi, nacho hurudi tena na tena. Wala si lazima mtoto aanguke. Mwingine huzubaa tu kwa sekunde chache, ukimwita haitiki. Huyo huhitaji dawa za kila siku. Na povu lake haliambukizi, jamani, mshikeni!

Linalotusikitisha ni lile la kusema mtoto wa degedege akichomwa sindano atakufa. Basi hufukizwa moshi nyumbani, huku malaria au homa ya uti wa mgongo inamla. Akifikishwa hospitali amechelewa na kufariki, sindano ndiyo inayosingiziwa.

Likimpata mwanao, mlaze kwa ubavu, mlegezee nguo, utazame saa. Usimtie kijiko, kidole wala maji mdomoni. Zikipita dakika 5, au likirudi siku ileile, au mtoto haamki vizuri, au shingo imekakamaa, usingoje kukuche. Hata likiisha lenyewe, mpeleke siku hiyohiyo, chanzo cha homa kitafutwe.

Ukifika, usiseme tu "alishikwa na degedege." Mweleze daktari homa ilianza lini, lilichukua dakika ngapi, na kama ulitikisika mwili wote au upande mmoja.